Ngata Mpya kwa Mzigo wa Zamani

Vijana wa chumba cha vifaa mmeniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu doki: ipi inakubali kompyuta gani, ipi inakataa, na lile sanduku la doki za zamani lililoko stoo chini ya dirisha lifanyweje. Mliniomba siku ya kuniaga, huku mkinikatia keki bila kuuliza kama bado naruhusiwa sukari. Sasa nimestaafu, muda ninao, na uchungu ninao pia. Nitaandika vyote viwili. Anayetaka doki peke yake aruke panapomchosha, ila atakuwa ameruka sehemu yenye faida.

Niliingia kampuni hii nikitokea Goweko, kwenye tumbaku ya baba, nikiwa na cheti cha ufundi wa redio na mikono iliyokuwa bado na gundi ya majani. Kazi yetu ilikuwa ile ile mnayoifanya leo, kupima ardhi na kuchora ramani za vijiji. Mkuu wa vifaa alikuwa Mzee Dominiko, mtu mfupi aliyesali misa ya asubuhi kila siku na kuja kazini na hasira zote alizoziacha mlangoni mwa kanisa. Nilitegemea siku ya kwanza anipe bisibisi. Alinipa brashi ya rangi, laini, na kitambaa cha kanga kuukuu. Kwa wiki nzima nilifuta vumbi. Nilipolalamika aliniambia, "Kashindye mwanangu, hapa Tabora kompyuta haziuawi na umeme. Zinauawa na vumbi na wajuaji." Nilicheka. Vumbi nimelishinda miaka yote.

Wiki ya pili alinionyesha doki. Nyie mmezikuta zikiwa kama kisanduku cha sabuni chenye mkia, kwa hiyo niwaeleze zilivyokuwa. Mtu anayesafiri na kompyuta mpakato akirudi ofisini anahitaji kioo kikubwa, kibodi, waya wa mtandao na printa. Badala ya kuchomeka waya sita kila asubuhi, waya zote hukaa kwenye kitako kimoja mezani, na mpakato unakuja kuketi juu yake. Kitako hicho ndiyo doki. Za zamani zilikuwa na meno katikati, na mpakato ulikuwa na mdomo wa meno hayo tumboni. Unaulaza taratibu, unabonyeza pembe mbili kwa pamoja, unasikia "ka!" moja tu. Ukisikia mbili, umepinda pini, na Mzee Dominiko ameshasikia kabla yako.

Doki hizo zilikuwa na ndoa ya mke mmoja. Doki ya kompyuta ya aina fulani ilikubali kompyuta za ukoo huo tu, tena za miaka michache. Mpakato wa ukoo huo huo, ukizaliwa baadaye kidogo, unakuta meno yamesogezwa. Tulikuwa tunalaani watengenezaji kwa hilo. Sasa naona kulikuwa na uaminifu wake ndani yake: kisichokubali kilikataa wazi wazi, hakikuingia nusu. Na nyuma ya kila doki ya zamani kulikuwa na tundu pana la pini tisa. Msilisahau tundu hilo, maana ndilo lililoniletea haya yote.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Pazi. Alikuwa Mzaramo wa Maneromango, mrefu, mwenye kofia ya ukindu, mpimaji wa porini. Ndiye aliyebeba darubini ya kupimia, ile ya miguu mitatu, na kusimama juani kutwa akikusanya pointi za mipaka. Alikuwa na mkataba wa mwaka mwaka, kila mwaka unaongezwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwajiriwa. Asubuhi ya kwanza alinikuta naulaza mpakato kwenye doki, akapiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Mnyamwezi hata kompyuta anaitwisha mzigo! Na ngata ameiwekea!"

Ngata mnaijua, ule mviringo wa kitambaa au majani unaowekwa kichwani chini ya ndoo. Tangu siku hiyo, kwa Pazi, doki iliitwa ngata.

"Wewe Mzaramo," nikamjibu, "kwenu hata mgonjwa mahututi ngoma ikilia anaomba kushikiliwa acheze."

"Mtumwa wangu ana mdomo! Babu yako alipofika kwetu na pembe za ndovu mabegani, nani alimpa maji?"

"Maji ya matope."

"Na akayamaliza!"

Ndivyo tulivyoishi. Wasiotoka huku huwa hawaelewi. Wazee wetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani wakipita nchi ya Wazaramo, na wakatuachia urithi huu: tutukanane, tuchukuliane vitu, na asiwepo wa kununa. Mtani hakasiriki. Pazi alikuwa akisimama mlangoni na kunisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", kwa lafudhi mbaya ya makusudi hadi akina mama wa mapokezi wanashika mbavu. Mama yangu alipofariki, alisafiri hadi Goweko, akaingia kwenye kaburi lililokuwa wazi, akalala chali na kofia yake usoni, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Mimi nilicheka nikilia. Alipewa jogoo, akatoka, akafuta suruali yake, kisha akashika koleo kabla ya wajukuu wa marehemu. Ndugu wa damu hawakunifanyia hivyo.

Katika kazi, Pazi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wengine. Akirudi kutoka porini alichomeka waya wa darubini kwenye lile tundu la pini tisa nyuma ya doki, pointi zikahamia kwenye kompyuta, kisha akafungua daftari lake la jalada gumu. Kila jioni porini aliandika idadi ya pointi alizochukua. Alikuwa anasoma kwa sauti: darubini inasema ngapi, daftari linasema ngapi, kompyuta inasema ngapi. Zisipolingana hakuna chai. Mzee Dominiko alimpenda kwa hilo. Alikuwa akiniambia, "Taa ya kijani maana yake ni kwamba taa inawaka. Basi. Mzigo unahesabiwa, haupigiwi ramli." Mzee huyo alistaafu, akazikwa, na mimi nikarithi kiti chake, ufunguo wa stoo, na imani kwamba sasa najua.

Miaka michache kabla sijastaafu zikaja kompyuta mpya. Nyembamba, nzuri, kama sahani. Aliyeziagiza hakutuuliza sisi wa vifaa. Niliufungua mpakato wa kwanza, nikaugeuza tumboni kutafuta mdomo wa meno, nikakuta pamejaa tundu za kupumulia tu. Doki zetu zote zikawa vitako vya mpakato uliokufa. Zikaletwa doki mpya, zile zenye waya mmoja unaoingia kwenye tundu la duaradufu, mnaloliita taipu-si.

Hapa andikeni, maana ndicho mlichoniomba. Tundu la taipu-si ni umbo, si ahadi. Kuna linalopitisha chaji, picha na data. Kuna linalopitisha data peke yake, na yote mawili yana sura moja. Angalieni alama ndogo pembeni yake, na pasipo na alama someni kijitabu, msikisie. Angalieni pia wati zilizoandikwa kwenye chaja ya doki: mpakato unaotaka wati nyingi kuliko zinazotolewa utaonyesha unachaji huku betri inashuka, na saa nane mchana utazima ukiwa umechomekwa. Kuna doki ambazo picha haitoki mpaka uweke programu yake, na programu hiyo kwenye kompyuta ya zamani haikubali kuingia. Ukichomeka mpakato wa miaka ya nyuma kwenye doki mpya kwa tundu la kawaida la USB, kipanya kitafanya kazi, kibodi itafanya kazi, nawe utadhani kila kitu kinafanya kazi. Doki ya zamani ilikataa mgeni mlangoni. Doki mpya inamkaribisha kila mtu, halafu haimpi kiti.

Na haikuwa na pini tisa. Darubini yetu ilikuwa nzima, ya zamani, na hakuna aliyefikiria kuibadilisha. Nikatafuta kigeuzi mjini, waya mfupi wenye pini tisa upande mmoja na USB upande wa pili. Nikakichomeka kwenye doki mpya, taa ya kijani ikawaka, pointi kumi za majaribio zikapita zote kumi. Nikajipongeza. Pointi kumi si majaribio, vijana. Ni salamu.

Kazi ya kwanza kwa mfumo huo ilikuwa kijiji kimoja upande wa Ulyankulu. Pazi alikaa huko wiki sita. Watu wa kule, wengi wao wazazi wao walitoka Burundi, walilisubiri zoezi hilo kama wanavyosubiri mvua, maana kwao karatasi yenye mipaka ndiyo inayomwambia mtoto kwamba hapa ni kwao. Walifyeka mikuza, vile vijia vya kuonyesha mipaka, kwa mapanga yao. Mjane mmoja, Mama Yustina, alifyeka wa kwake siku nne peke yake, kisha akasimama kwenye kila kigingi mpaka Pazi akakipima. Darubini ilijaa pointi. Kabla ya kwenda kijiji cha pili ilibidi tuzihamishe, kisha tufute kumbukumbu ya darubini ipate nafasi.

Ilikuwa asubuhi, saa ya chai. Ofisi nzima ilikuwa imesimama na vikombe. Nikachomeka kigeuzi, mistari ikakimbia kwenye kioo, ikasimama. Nikafungua faili: mwanzo upo, mwisho upo. Pazi alikuwa nyuma yangu na daftari lake mkononi.

"Mnyamwezi, usifute," akasema. "Hiyo ngata yako mpya inamwaga mzigo njiani. Nimeiona ile taa, imepepesa mara mbili. Tuhesabu kwanza."

Alisema hivyo huku akiinua kikombe kichwani na kuyumba kiuno, kama mpagazi anayemwagikiwa. Watu wakaangua kicheko. Sikuona daftari. Niliona kiuno.

"Mzaramo anaogopa kompyuta kama anavyoogopa jembe!" nikasema.

"Mtumwa wangu, nakwambia usifute."

"Tangu lini bwana asiyejua kuhesabu akamwamuru mtumwa?" nikamjibu.

"Mwambie, Mzee Kashindye!" wa mapokezi wakashangilia. Zamu ya kujibu ilikuwa yangu, na jibu lilikuwa chini ya kidole changu. Nilikiinua kidole juu ili wote wakione, nikakizungusha hewani, nikakishusha kwenye kitufe cha kufuta. Ofisi ikapiga makofi. Pazi naye alicheka, maana mtani hakasiriki, lakini alilifunga daftari lake polepole na chai yake hakuimaliza.

Wiki mbili baadaye mchoraji wa ramani aliniita. Kijiji kilikuwa na tundu katikati. Mstari wa mpaka unakuja vizuri, unafika mahali unakatika, unaanza tena mbali. Nilihesabu pointi siku hiyo, baada ya kufuta. Karibu robo hazikuwepo. Nilisubiri watu waende kula, nikatoa stoo doki ya zamani na mpakato wa zamani, nikachukua pointi nyingi za kubahatisha uani, nikazihamisha kwa njia ya zamani: zote zilifika. Nikazihamisha kwa kigeuzi na doki mpya: zikapungua. Nilirudia mara tatu. Darubini ilikuwa inamwaga haraka kuliko kigeuzi kinavyopokea, na kigeuzi hakikujua kumwambia "ngoja." Kilichozidi kilianguka, na hakuna kilichopiga kelele. Nikarudisha doki kwenye sanduku, nikafunga stoo. Walipotoka kula nilikuwa nimekaa mezani kwangu kama mtu anayesoma.

Kikao kiliitwa. Meneja alitaka kujua pointi zilipotelea wapi, porini au ofisini. Aliniuliza mimi kwanza.

"Nilipokea faili kama lilivyokuja," nikasema.

Sentensi hiyo haina uongo hata neno moja. Nimeigeuza miaka hii yote na sijapata uongo wake, na bado ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Pazi aliweka daftari mezani. "Idadi zangu hizi hapa, za kila jioni. Na nilimwambia asifute. Nilimwambia mbele ya watu wote."

Meneja akawatazama watu wote. Wakatazama meza. Dada wa mapokezi akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli alisema, lakini alikuwa anacheza.

"Mzee Kashindye, alikuonya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kazi, nilikuwa na kiti cha Mzee Dominiko, na nilikuwa na jina la kutokosea. Nikasema, "Alisema, bosi, lakini ulikuwa utani tu. Sisi ni watani."

Wenyeji wote kwenye chumba kile walielewa nilichofanya. Kitu ambacho wazee wetu walikijenga ili watu wawili waweze kuambiana lolote, nilikitumia kumziba mdomo mwenzangu. Meneja hakuwa wa huku. Aliandika. Daftari, akasema, linaweza kuandikwa siku yoyote. Mkataba wa Pazi haukuongezwa, na barua yake ilisema uzembe katika ukusanyaji wa takwimu. Mpimaji mwenye neno hilo kwenye barua hapewi darubini na mtu mwingine.

Pazi hakunitukana. Alikusanya kofia yake na daftari, akafika mlangoni pale alipokuwa akinisalimia kila asubuhi, akageuka.

"Haya, mtani," akasema.

Kijiji kilipimwa upya na mtu mwingine, na mimi nilitumwa naye kuangalia vifaa. Moto wa kiangazi ulikuwa umeshapita, vigingi vya miti vimeungua, na jirani wa Mama Yustina alikuwa ameshalima matuta yake hadi ndani ya mkuza aliofyeka mama yule. Walibishana siku mbili. Mpaka uliokubaliwa mwishoni haukuwa ule wa kwanza. Tulipokuwa tunafunga vifaa, Mama Yustina alinijia, akanisalimia vizuri, akauliza, "Yule Mzaramo wa kofia yuko wapi? Yule alikuwa anahesabu." Nikamwambia amehama. Pazi alikuwa anakaa Isevya, hapa hapa Tabora, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka kwangu.

Nilikaa kimya mpaka nikastaafu. Msidhani nilisubiri ujasiri. Nilisubiri isiwe na gharama. Wiki moja baada ya keki yenu nilikuja kuomba ufunguo wa stoo, mkanipa bila kuuliza. Nilichukua doki moja ya zamani kwenye sanduku, ile ile niliyofanyia majaribio, nikaiviringishia kitenge kama ngata. Nilikwenda Isevya mchana. Njia nzima nilikuwa natunga matusi mazuri.

Pazi alikuwa barazani anarekebisha feni ya mtu. Amekonda. Kofia ni ile ile. Nilisimama pale uani, nikaweka doki kichwani juu ya kitenge, nikaita kwa sauti ili hata majirani wasikie, "Hodi kwa Mzaramo! Mnyamwezi amefika na mzigo, leta maji ya matope!"

Akaweka bisibisi chini. Akasimama.

"Karibu, Mzee Kashindye," akasema. "Karibu kiti. Habari za siku nyingi? Nyumbani wazima?"

Nikashusha doki kichwani. Nilikaa. Akaagiza chai, akaniuliza kama natumia sukari, mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia yote: taa, majaribio mara tatu, stoo, kikao. Nikamwambia nimeshamwandikia meneja barua, na nakala yake hii hapa. Alivaa miwani, akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Nashukuru, mzee," akasema. "Umefanya jambo la kiungwana."

"Nitukane basi, Pazi. Nitukane, we mcheza ngoma!"

"Chai itapoa," akasema.

Kwa hiyo kuhusu sanduku: litupeni. Nilikuwa nalilinda kwa sababu nilidhani siku moja litamrudishia mtu kitu chake. Kuhusu doki mpya: hesabuni kabla ya kufuta, hata kama anayewaambia anacheza.

Nilipokuwa naaga, mkwewe Pazi alitoka na maji ya kunawa, binti wa watu, hajawahi kuniona. Akapiga goti, akaniamkia, kisha akamuuliza, "Baba, mgeni ni nani?"

Nilimtazama Pazi. Neno lilikuwa moja tu, na watu wa huku wote wangelitaja bila kufikiri.

"Ni mzee mmoja," akasema, "tuliwahi kufanya kazi ofisi moja."